Barua za kanisa zikae wapi? Namna ya kuchagua programu ya barua pepe ya ofisi



Katika miezi hii ndugu kadhaa wa makanisa ya mashariki, wa Uvira, wa Kalemie na wa Bunia, wametuuliza swali moja kwa maneno tofauti: ofisini kwenu mnatumia programu gani ya barua pepe, ili nasi tufuate hiyo? Tungeweza kujibu kwa neno moja. Lakini neno moja lingewapoteza, kwa sababu programu inayotufaa sisi hapa Likasi inaweza kumletea hatari mchungaji wa Masisi. Na ile inayomfaa mwandishi wa wilaya mwenye kompyuta mpya huenda isifunguke kabisa kwenye ordinatere ya zamani kama zilivyo nyingi katika ofisi zetu. Kwa hiyo mtuvumilie kidogo. Tutaanza na jambo lililotupata, maana sisi hatukujifunza haya kwa kusoma, tulijifunza kwa kupoteza.

Mwaka 2023 jirani wa kanisa letu alianza kujenga ukuta. Kwa hesabu yetu ukuta ule ulikuwa umeingia hatua nne ndani ya kiwanja cha kanisa. Wazee walikutana, wakaomba karatasi. Hati ya kiwanja ilikuwapo, lakini mchoro wa mipaka pamoja na maelezo ya mpimaji vilikuwa vimetumwa kwa barua pepe miaka saba nyuma, na hakuna aliyevichapisha. Akaunti ya kanisa ilikuwa ya Gmail. Aliyeifungua ni mwandishi wetu wa wakati ule, kwa namba ya simu yake mwenyewe. Ndugu yule ni mwaminifu, hatuna neno juu yake. Alihamia Kolwezi kutafuta kazi mgodini, akaacha namba ile, na baadaye namba ikapewa mtu mwingine. Neno la siri tulilokuwa nalo daftarini halikukubaliwa tena. Kila tulipojaribu kuingia, nambari za uthibitisho zilikwenda kwenye simu ya mtu tusiyemjua.

Mzee mmoja wa baraza alituuliza: "Pasta, barua za kanisa ziko wapi?"

Tukamjibu: "Ziko Google, Papa."

"Huyo Google ni mshiriki wa kanisa gani?"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka.

Kilichotuokoa ni kompyuta iliyokuwa kabatini tangu kioo chake kivunjike. Kijana mmoja wa kwaya, anayesoma informatiki, alikumbuka kwamba zamani ofisi ilikuwa ikisomea barua kwenye mashine ile kwa programu iitwayo Thunderbird. Akaiunganisha na kioo cha kompyuta nyingine. Kabla ya kufungua chochote alihakikisha kwamba haina intaneti, akanakili folda yote ya Thunderbird kwenye diski ya nje, ndipo akaifungua. Barua za mwaka 2014 hadi 2019 zilikuwamo zote, na mchoro wa mpimaji ulikuwamo. Ukuta ulirudishwa nyuma bila kwenda mahakamani.

Tangu siku hiyo, tunapoulizwa juu ya programu, sisi tunauliza kwanza swali la yule mzee: barua zenu ziko wapi, na ni nani anayeweza kuzifikia pale mwandishi anapohama, umeme unapokatika, au simu inapoibiwa? Mambo ya rangi na uzuri wa kioo yanakuja nyuma.

Ukifungua Gmail au Yahoo ndani ya kivinjari kama Firefox au Chrome, unachokiona ni dirisha. Barua zenyewe ziko kwenye kompyuta kubwa za kampuni, ng'ambo, nawe unazitazama kwa mbali. Intaneti ikikatika, kwa kawaida dirisha nalo limefungwa. Programu ya barua pepe ni kitu kingine. Inakaa ndani ya kompyuta yako, inakwenda kuchukua barua, inaziweka kwenye diski yako, na wewe unazisoma, unatafuta ndani yake na kuandika majibu hata kama hakuna mtandao. Majibu yanangoja mpaka mtandao urudi, kisha yanatoka yenyewe.

Wengi wetu tunakumbuka mwisho wa mwaka 2018. Uchaguzi ulifanyika tarehe 30 Desemba, na kesho yake intaneti ikakatwa nchi nzima. Ilirudi baada ya karibu majuma matatu, Januari 2019 ikiwa imefika mbali. Ratiba ya mkutano wetu wa Januari ilikuwa kwenye ile mashine ya ofisi, kwa hiyo tuliweza kuisoma na kuwapigia watu simu. Wenzetu waliotegemea dirisha tu walikaa wakikisia siku.

Sasa, kuna njia mbili za kuchukua barua, na hapa ndipo watu wengi hukosea bila kujua. Programu itakuuliza wakati wa kuiweka, nawe utabonyeza tu ili umalize. Njia ya kwanza inaitwa POP. Ni kama mtu anayekwenda kwenye sanduku la posta, anatoa barua zote na kuzipeleka nyumbani. Sanduku linabaki tupu, isipokuwa umeiambia programu iache nakala kule. Njia ya pili inaitwa IMAP. Ni kama madaftari mawili yanayonakiliana kila yanapokutana, moja likiwa ofisini na lingine kule kwenye kampuni. Ukiandika katika hili linaandikwa katika lile. Ukifuta katika hili, linafutwa katika lile.

Neno hilo la mwisho lisomeni mara mbili. Katika ofisi moja tunayoifahamu, mama aliyekuwa akisaidia kazi aliona kompyuta imekuwa nzito, akafuta barua za zamani ili ipumue. Alifikiri anafuta kwenye kompyuta peke yake. Jioni mchungaji akakuta hazimo hata kwenye simu yake. Mama yule hakukosa akili, hakuna aliyekuwa amemweleza.

POP inafaa pale penye kompyuta moja, msomaji mmoja na intaneti ya shida. Barua zikiisha kushuka ni zenu. Lakini kompyuta ikiibiwa au diski ikifa, na kule hamkuacha nakala, mmepoteza vyote. IMAP inafaa pale barua zinaposomwa na zaidi ya mtu mmoja, mwandishi kwenye kompyuta na mchungaji kwenye simu yake. Sisi tunatumia IMAP, tena tunaongeza jambo moja. Kila Januari tunanakili barua za mwaka uliokwisha kwenye folda zinazoitwa "Dossiers locaux", yaani folda za humu ndani, ambazo hazinakiliani na kampuni. Tunazipa jina la mwaka. Kisha folda nzima ya programu tunainakili kwenye diski ya nje, na diski ile haikai ofisini. Inakaa nyumbani kwa mweka hazina.

Tuliposoma Yeremia sura ya 32 katika kipindi cha wazee, mzee mmoja alisema nabii naye alikuwa na desturi hiyo. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kifungoni, naye ananunua shamba la Hanameli huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati zinaandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku anaagizwa aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu. Iliyo wazi ni ya kusomwa kila siku. Iliyofungwa ni ya siku ya mashindano. Wafafanuzi huzungumza mengi juu ya tumaini katika sura ile, na ni haki yao, lakini sisi tuliopoteza mchoro wa kiwanja tulikaa kitambo kwenye chombo cha udongo.

Tuje kwenye programu zenyewe.

Thunderbird ndiyo tunayoitumia. Inatoka kwa watu wa Mozilla, wale wale wa Firefox, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004. Ni ya bure, inaendeshwa kwa michango ya wanaoitumia, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na inapatikana kwa Kifaransa. Tangu Oktoba 2024 ipo pia kwa simu za Android. Tunaipenda kwa sababu mbili za ofisini. Ya kwanza, barua zote zinakaa katika folda moja kwenye kompyuta, na kuzihifadhi ni kuinakili folda hiyo tu, bila ufundi. Ya pili, inakubali akaunti nyingi pamoja: ya kanisa, ya wilaya na ya chama cha mama, zote ndani ya dirisha moja bila kuchanganyika. Udhaifu wake ni uzito. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya giga 2 itafunguka, lakini mwandishi atakuwa na muda wa kuimba wimbo mzima akingoja.

Outlook inahitaji uangalifu, kwa maana jina hilo sasa lina vitu zaidi ya kimoja. Kuna Outlook ya zamani inayokuja na Office ya kununuliwa. Hiyo ni programu imara, barua zake zinakaa kwenye kompyuta, na ofisi kubwa zenye kalenda za watu wengi zinaitegemea. Kuna Outlook mpya, ya bure, ambayo Microsoft imeiweka mahali pa ile programu ndogo ya Windows iliyoitwa "Courrier". Hiyo Courrier iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2024, na ndiyo sababu baadhi yenu mliamka mkakuta haitumi tena barua. Hii Outlook mpya ukiiunganisha na Gmail au Yahoo, barua zako zinapitishwa na kunakiliwa kwenye kompyuta za Microsoft pia. Si kosa, wanakuomba ruhusa wakati wa kuiweka. Lakini kanisa lijue kwamba sasa barua zake ziko kwa watu wawili badala ya mmoja.

Juu ya Outlook ya zamani tuna neno la kichungaji. Katika miji yetu Office nyingi zinauzwa kwa flashi, zimevunjwa ufunguo, kwa bei ya sabuni. Tumeziona katika ofisi za makanisa, pengine kwenye kompyuta ile ile inayoandika mahubiri ya amri ya nane. Tusiseme mengi. Zaidi ya dhambi yenyewe, flashi hizo huja na virusi, na virusi hivyo husoma barua. Kama fedha za kununua hazipo, Thunderbird ni halali na ni bure. Basi.

Mwenye kompyuta ya Apple anayo Mail ndani yake tayari, na inatosha. eM Client ni nzuri machoni, ila toleo lake la bure ni kwa mtu binafsi na akaunti mbili, na kanisa si mtu binafsi. Claws Mail ni nyepesi sana na hukimbia kwenye mashine dhaifu, lakini kuiunganisha na Gmail kunataka fundi mvumilivu.

Jambo moja limewasumbua wengi, na wengine walidhani wameibiwa akaunti. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google imeacha kukubali programu inayoingia kwa jina na neno la siri peke yake. Programu za kisasa humfungulia mtu ukurasa wa Google wenyewe, anaingia pale, na programu inapewa ruhusa. Programu za zamani hazijui njia hiyo, kwa hiyo zitakwambia neno la siri si sahihi hata kama ni sahihi kabisa. Msiendelee kubadilisha neno la siri mara kumi. Badilisheni programu. Au, kama hamna jinsi, washeni uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti, kisha ombeni Google iwape neno la siri la pekee kwa programu hiyo, lenye herufi 16.

Tena kuna suala la mega. Programu ya barua inaweza kuokoa mega nyingi au kuzimaliza, kulingana na mlivyoiweka. Sisi siku ya kwanza tuliiunganisha na akaunti yenye barua za miaka mingi, tukaenda kulala. Usiku kucha ilishusha kila kitu, picha za harusi, video za kwaya, kila kitu. Asubuhi mega za mwezi mzima zilikuwa zimekwisha tarehe 3. Msifanye hivyo. Kabla ya kuiacha ifanye kazi, ingieni kwenye mipangilio ya akaunti mwiambie ishushe barua za siku 30 tu, au isishushe barua inayozidi ukubwa fulani mpaka mtu aiombe. Zimeni pia ile desturi yake ya kwenda kutazama barua kila baada ya dakika chache. Mwandishi abonyeze mwenyewe, asubuhi mara moja na jioni mara moja. Ukiwa huna mega, andika barua zako zote, chagua "Envoyer plus tard", na siku ukipata mtandao zitume kwa pamoja. Katika menyu ya "Fichier" kuna "Hors connexion", ambako unaiambia Thunderbird ifanye kazi bila mtandao. Picha zilizo mbali Thunderbird haizifungui bila ruhusa yako, na hilo nalo huokoa mega, tena humnyima mtumaji asiyejulikana habari kwamba umesoma barua yake.

Na viambatisho. Gmail haitumi barua inayozidi mega 25, lakini faili linapotumwa kwa barua pepe hugeuzwa na kuongezeka kwa karibu theluthi. Faili la mega 15 linakuwa karibu mega 20 barabarani. Ripoti ya wilaya yenye picha 12 zilizopigwa kwa simu mpya itakataliwa, na msimamizi atadhani hamkuandika ripoti. Punguzeni picha kwanza.

Hapa tunageukia ndugu ambao hali yao si kama yetu. Sisi Kikula shida zetu ni umeme, mega na ukuta wa jirani. Lakini tunajua kwamba tangu Goma ilipotwaliwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, wako wachungaji walioondoka ofisini na Biblia mkononi tu, na wako waliobaki lakini hawajui ni nani atakayeingia mlangoni kesho. Kwao ushauri wetu wa hapo juu unaweza kuwa mbaya. Kuwa na barua zote kwenye kompyuta ya ofisi ni baraka kwa anayegombania kiwanja. Kwa aliye na majina ya waliokimbia, au barua za mama waliomweleza mchungaji yaliyowapata, kompyuta ile ni kabati lililo wazi.

Lazima tuseme wazi, kwa sababu wengi wanadhani vingine: Thunderbird haifungi barua zenyewe kwa ufunguo. Lile neno kuu la siri ambalo unaweza kuliweka hulinda maneno ya siri ya akaunti tu. Mtu akichukua kompyuta, au akiitoa diski na kuitia kwenye kompyuta nyingine, anaweza kusoma barua kama anavyosoma gazeti. Hata neno la siri la kuwashia Windows peke yake halimzuii. Kinachomzuia ni kuifunga diski nzima. Windows za toleo la Pro zina BitLocker kwa kazi hiyo, na Linux Mint hukuuliza kama unataka kuifunga siku ile ile unapoiweka.

Kwa hiyo, ndugu mlio katika hali hiyo: tumieni IMAP, ili barua ziwepo mbali hata kama mashine imebaki nyuma. Kwenye kompyuta acheni barua za siku chache tu. Diski ifungwe. Nakala ya zamani ipelekeni kwa wenzenu walio mahali patulivu, ikiwa nayo imefungwa. Na kama hamwezi kuifunga diski, basi kwa maoni yetu msitumie programu yoyote. Someni kwa kivinjari, mtoke kwenye akaunti kila mnapomaliza, na msikubali kivinjari kikumbuke neno la siri. Mtapata hasara ya kutosoma bila mtandao, nasi tunajua hasara hiyo ni kubwa. Lakini hasara ya mega si sawa na hasara ya jina la mtu. Tena mjue kwamba ikiwa mmekimbia na kompyuta imebaki, mnaweza kuingia kwenye akaunti ya Google kwa simu nyingine, mkatazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kukitoa kile kilichobaki. Barua zilizokwisha kushuka hamtaziondoa kwa njia hiyo, lakini mpya hazitaingia tena.

Juu ya barua za uongo tutasema kidogo. Paulo aliwaonya Wathesalonike juu ya barua inayodai imetoka kwake, na mwishoni mwa waraka wa pili aliweka mwandiko wake kuwa alama. Barua pepe haina mwandiko. Yeyote anaweza kuandika jina la askofu mahali pa jina na kuomba fedha za haraka za safari. Programu nyingi huonyesha jina tu na kuficha anwani. Iwekeni ionyeshe anwani kamili, na barua yoyote ya fedha ithibitishwe kwa sauti, kwa namba ya simu mliyokuwa nayo kabla, si ile iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Limebaki la mwandishi kuhama, ambalo ndilo lilitupiga sisi. Hakuna programu itakayolitatua. Anwani iwe ya kanisa, isiwe na jina la mtu. Namba ya simu iliyounganishwa na akaunti iwe ya kanisa pia. Kadi yake sisi tunaiweka kwa mweka hazina, na kila mwezi inapigiwa simu mara moja ili isife. Neno la siri liko katika bahasha iliyofungwa, na baraza linaandika katika kitabu cha mikutano ni nani anayelijua. Mwandishi anapotoka, neno linabadilishwa siku ile ile, mbele ya watu wawili, hata kama anatoka kwa amani. Na akaunti isikae kimya: tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili. Akaunti nyingi za makanisa yetu, kwa Google, ni za watu binafsi. Kama kuna akaunti ya zamani ya kwaya au ya ujenzi mnayoikumbuka, ingieni juma hili.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tunakwenda Panda. Makanisa mawili ya huko yametuletea kompyuta tatu. Moja ina Windows 7, na toleo la mwisho la Thunderbird linaloikubali hiyo na Windows 8 ni la 115, la mwaka 2023. Inaweza kukaa hivyo, lakini haitapata tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo tutawashauri tuiwekee Linux Mint, ambayo huja na Thunderbird ndani yake tayari. Ya pili ni nzuri. Ya tatu haiwaki, ila mwandishi wao anasema barua za tangu 2011 zimo ndani, na hakuna nakala nyingine. Kijana wetu wa kwaya ameomba aanze na hiyo.